Siri Iliyomo Damuni ni ya Nani?

Nilipokuwa Ntimaru, mji mdogo wa Kaunti ya Migori ulio karibu na mpaka wa Tanzania, alinijia mfanyabiashara mmoja akaniuliza suala nisilolizoea. Dada yake ana saratani ya titi. Daktari ataka kumpima damu, si kwa kuujua ugonjwa, kwani huo wajulikana, bali kwa kujua ni dawa ipi itakayomfaa. Ndugu huyo akataka nimkataze dada yake. Kwa kauli yake, kipimo hicho ni kuchungulia ghaibu, na majibu yake yatalivunja jina la nyumba yao.

Ama ghaibu, haimo. Ndugu zangu wa pwani mwajua kuwa mashua ikaayo majini haikosi kupenyeza, na kwa hivyo yahitaji kukalafatiwa. Vinasaba vilivyomo katika chembe za mwili navyo huharibika kila siku, na mwili una mafundi wake wa kuvitengeneza. Jeni mbili, BRCA1 iliyopatikana mwaka 1994 na BRCA2 iliyopatikana 1995, ni katika zinazoendesha ufundi huo. Aliyezaliwa na moja iliyo mbovu, saratani humwelekea kwa wepesi zaidi. Walakini ubovu huo huo ndio udhaifu wa saratani yenyewe: chembe zake hazijui kujitengeneza vyema, basi dawa zinazoharibu vinasaba huziua. Katika utafiti wa Uingereza uliotolewa 2018, wanawake wenye saratani ya titi iliyokwisha kuenea na wenye kasoro hiyo, uvimbe ulipungua kwa 68 katika kila 100 waliopewa karboplatini, na kwa 33 tu waliopewa dosetakseli. Kwa wagonjwa wote kwa jumla, dawa mbili hizo zilikaribiana. Na karboplatini ni dawa ya zamani. Iliyo ghali ni olaparibu, iliyoruhusiwa Marekani 2014.

Wala mtu asiseme haya ni maradhi ya Wazungu. Katika wanawake 196 wa Uganda na Kameruni wenye saratani ya titi, ambao khabari zao zilitolewa 2020, zaidi ya mmoja katika kila kumi alikuwa na kasoro ya BRCA1 au BRCA2.

Ama jina la nyumba, hapo pana neno. Kila mtoto wa mwenye kasoro hii ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Basi majibu ya dada yanawasema na nduguze. Daktari hana ruhusa ya kuyatangaza, kwani ni amana. Je, mgonjwa mwenyewe yampasa awaambie? Mimi naona yampasa, awaambie wa damu yake, si mtaa mzima. Watu watasema binti hao hawataposwa. Nayajua hayo, nimekaa katika mabaraza ya posa nikasikia yanong'onwayo. Lakini aibu hiyo tumeitunga sisi wenyewe, tukawa twaficha mpaka aanguke msichana wa pili, kisha twasema ni kijicho.

Na tena twadhani kuwa jambo hili latoka upande wa mama. Si kweli. Baba hulirithisha sawasawa na mama, naye huenda asiugue kabisa.

Nilipomwambia hayo, yule ndugu alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza kama wanaume nao hupimwa, kwani yeye ana binti watatu. Nikamwambia hupimwa.