Mguu wa Mchimbaji ni Gharama ya Duara

Katika machimbo ya dhahabu yanayouzunguka mji wa Masumbwe, wilayani Mbogwe, kuna hesabu inayopigwa kila duara, yaani shimo la kuchimbia, linapotoa mawe. Kabla mifuko ya mawe haijagawanywa, hutolewa kwanza gharama: mafuta ya jenereta, pampu ya kuvutia maji, kamba, magogo ya matimba, baruti, unga na maharage waliyokula vijana wakati duara bado halijagusa mwamba. Baada ya hapo mwenye leseni huchukua fungu lake, mwenye duara lake, na wachimbaji lao. Viwango hutofautiana kutoka machimbo hadi machimbo, lakini utaratibu ni mmoja, gharama mbele na mgao nyuma. Kinachokosekana mara nyingi katika orodha hiyo ni matibabu ya aliyeumia shimoni. Kamba ikikatika, hununuliwa nyingine kwa fedha ya duara. Mguu wa kijana ukivunjika kwa sababu kamba hiyo imekatika, anaulizwa ndugu zake wako wapi. Wapo wenye maduara wanaotoa fedha za hospitali, na Mungu awalipe, lakini hata wao huzitoa kama hisani, na aliyetoa kwa hisani anaweza kuacha siku yoyote bila kuulizwa.

Swali ni hili: mtu aliyeumia kwa ajali, bila yeyote kumkusudia mabaya, ana haki ya kuiomba biashara iliyokuwa ikifaidika na kazi yake ilipe hospitali? Nasema anayo, na kwamba haki hiyo haingoji kwanza apatikane mwenye kosa. Sizungumzii fidia ya mamilioni wala kumfunga mtu jela. Nazungumzia matibabu tu: nauli ya kutoka shimoni hadi kituo cha afya, picha ya eksirei, chuma cha kuunga mfupa kama kinahitajika, rufaa ya Kahama au ya hospitali ya Bugando, Mwanza, na chakula cha mgonjwa mpaka asimame au madaktari waseme wamefika mwisho.

Pingamizi la kwanza ndilo zito kuliko yote mioyoni mwa watu, ingawa kwa hoja ndilo jepesi. Ajali haina kinga, husemwa. Limetokea kwa mapenzi ya Mungu, na mapenzi ya Mungu hayadaiwi. Mwumini yeyote, Mkristo au Mwislamu, anakubali kwamba hakuna jani linaloanguka Mola asijue. Lakini imani hiyo inaeleza kwa nini jambo limetokea. Haielezi nani alipe bili. Oktoba 2015, katika machimbo ya Nyangalata, Kahama, kifusi kiliwafunika wachimbaji, na watano kati yao wakatolewa wakiwa hai tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Walitaja jina la Mungu waliotolewa, wakalitaja waliowatoa. Hata hivyo wenzao walipojua kwamba chini kuna watu hai, hakuna aliyesema kadari imeshapita, tuwaache. Walichimba. Iwapo kadari haikuondoa wajibu wa kumtoa mtu shimoni, ni vigumu kuona inauondoaje wajibu wa kumtibu akishatolewa. Kuna pia sura nyingine ya pingamizi hili ambayo haisemwi kanisani wala msikitini, nayo ni ule uvumi wa kafara, kwamba dhahabu hudai damu na aliyeanguka alitolewa na mtu. Uvumi huo unadhuru kuliko unavyodhaniwa, kwa sababu siku nzima ikiisha watu wakimtafuta mchawi, hakuna anayeuliza kwa nini matimba yalikuwa yameoza.

Vitabu vitakatifu vyenyewe havikulikwepa jambo hili. Katika Kutoka, sura ya 21, mtu akimpiga mwenzake na huyo akaugua kitandani kisha akainuka na kutembea kwa mkongojo, aliyempiga hahesabiwi kuwa muuaji, lakini anatakiwa kumlipa siku zake alizopoteza na kumuuguza mpaka apone kabisa. Hukumu ya jinai imeisha, na bili ya hospitali imebaki. Mbele kidogo katika sura ileile yupo ng'ombe apigaye kwa pembe. Akiua kwa mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa ni desturi ya ng'ombe huyo, na mwenyewe alionywa lakini hakumfunga, analo la kujibu. Mwenye duara lililokwisha kumeguka msimu uliopita, akaambiwa aongeze matimba akasema tumalize kwanza huu mwamba, ajisome katika mistari hiyo. Na zamani zaidi, yapata miaka 3,700 iliyopita, sheria za mfalme Hammurabi wa Babeli zilisema kwamba aliyemjeruhi mwenzake katika ugomvi ataapa kuwa hakukusudia, na kisha atamlipa mganga. Kiapo kilimwokoa na adhabu. Hakikumwokoa na gharama za tiba.

Msomaji Mwislamu anaweza kunikatiza hapa, na atakuwa na haki. Ipo hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, imo katika Bukhari na Muslim, inayosema kwa maana kwamba jeraha la mnyama halina malipo, kisima hakina malipo, na mgodi hauna malipo. Mgodi umetajwa waziwazi. Wanavyuoni walifafanua kwamba mtu akimwajiri mwingine amchimbie, kisha ardhi ikamwangukia akafa, mwajiri hadaiwi dia, yaani fidia ya damu. Hoja hiyo haipaswi kupitwa kwa kunyamaza. Lakini wanavyuoni haohao waliweka mpaka: aliyechimba kisima katika njia ya watu bila idhini, mtu akatumbukia, anawajibika, kwa sababu amevuka haki yake. Kinga aliyopewa mwenye mgodi ni ya yule asiyevuka mpaka. Mtu anayewashusha vijana mita nyingi chini wakati wa masika, akijua udongo umelowa na matimba ni machache, ameshatoka ndani ya kinga hiyo. Tena dia ni jambo moja, na masharti ambayo watu wamewekeana kabla ya kazi ni jambo jingine. Sheria ya Kiislamu inawafunga waumini kwa masharti yao. Hakuna kinachozuia duara kuanza kwa sharti kwamba atakayeumia atatibiwa kwa mali ya duara. Na ipo kanuni mashuhuri ya fikihi, iliyotoka katika hadithi ya mauziano, kwamba faida hufuatana na dhamana: anayestahili mapato ya kitu ndiye anayebeba hasara yake. Iliamuliwa sokoni, ni kweli, lakini mafakihi waliipeleka mbali na soko, nami naona inafika hadi kwenye mdomo wa shimo.

Hapo ndipo ninaposimama, kwenye faida. Hoja ya kosa peke yake haitoshi, kwa sababu moja inayofahamika na kila aliyewahi kuona duara likianguka: ushahidi hufukiwa pamoja na mtu. Nani atathibitisha kwamba gogo la tatu lilikuwa bovu, na gogo lenyewe liko chini ya kifusi? Mgonjwa akiambiwa athibitishe uzembe kwanza ndipo atibiwe, mfupa utaunga vibaya kabla kesi haijaitwa. Faida lakini haifukiwi. Inajulikana nani alichukua mifuko mingapi. Na mtu akitaka kuona ubaya wa mpango wa sasa, aangalie nani analipa kweli. Analipa mama aliyeko kijijini, anayeuza ng'ombe wawili. Analipa shemeji. Wanalipa majirani kwa michango. Hao hawakupata hata mfuko mmoja wa mawe. Wakishindwa, mgonjwa anapelekwa kwa mganga wa kuunga mifupa, na wengine hubaki na mguu uliopinda maisha yao yote. Hasara ya biashara imehamishiwa kwa watu ambao biashara haikuwahi kuwatambua siku ya mgao.

Sheria za nchi zimeshalifikia wazo hili. Ujerumani iliweka bima ya ajali kazini mwaka 1884, ikiwatoza waajiri. Nchini Tanzania, kabla ya sheria mpya ya fidia ya mwaka 2008, fidia ya juu kabisa ya mtu aliyelemaa kazini ilikuwa shilingi 108,000. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015, unachangiwa na mwajiri, na mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini hatakiwi kuthibitisha uzembe wa mtu ili atibiwe. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, alifundisha kwamba matibabu, hasa ya ajali za kazini, yapatikane kwa urahisi, kwa bei nafuu na ikiwezekana bure. Migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu ina waajiriwa wenye mikataba, na mlango wa mfuko uko wazi kwao. Kijana wa duara hana mkataba wala mshahara. Ana jina la utani na fungu la mifuko.

Na hapo linazuka pingamizi ambalo wenye leseni hulipenda: huyu si mwajiriwa wangu, ni mshirika; aliingia kwa hiari, anajua hatari, na dhahabu ikitoka anapata. Nakubali yote hayo. Lakini ushirika ndio unaoitetea hoja yangu. Katika ushirika gharama za kazi ni za wote, hutolewa kwenye chungu cha wote kabla ya mgao, kama zinavyotolewa za mafuta na baruti. Mwenye leseni hawezi kumwita kijana mshirika siku ya kuumia na kibarua siku ya kugawa. Kuhusu hiari, ni kweli aliingia mwenyewe. Alikubali hatari ya kukosa dhahabu na hatari ya kuumia. Hakuna aliyemsikia akikubali kwamba akiumia aachwe.

Umaskini wa wenye maduara ni jambo la kweli zaidi. Wengi si matajiri. Mtu ameuza mifugo, amekopa, amelisha vijana miezi kadhaa, na mwisho duara linatoa mawe matupu. Ukimwambia alipe rufaa ya Mwanza, utakuwa umemfilisi, na vijana wanane waliobaki hawatakuwa na kazi. Kwa hiyo mzigo usiwe wa duara moja. Chini ya leseni moja huwa kuna maduara mengi, na yote hupitisha mawe kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Kila mfuko unaopita ukiacha kiasi kidogo katika sanduku la matibabu, duara lililotoa litalibeba lile lisilotoa, na mwenye leseni, ambaye fungu lake hutoka katika kila duara, achangie kwanza. Ikisemwa watu watajifanya wameumia, jibu ni fupi: eksirei haidanganywi, na fedha ilipwe hospitali moja kwa moja, isipitie mkononi mwa yeyote. Ikisemwa bima ya afya kwa wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023, italimaliza jambo hili, naipokea bima hiyo kwa furaha, lakini mwenye shimo asiyegharimika hata senti mtu akivunjika hatakuwa na sababu ya kununua gogo jipya.

Inabaki aibu ya kuomba. Majeruhi wengi hunyamaza kwa sababu wakidai wataonekana wanamshtaki mtu aliyewapa kazi, au wanaomba sadaka. Hawafanyi lolote kati ya hayo. Anayesema, "Mzee, niliumia katika kazi yetu, naomba gharama za hospitali zitoke kwenye duara," hajamwita mtu muuaji, wala hajanyoosha bakuli. Anaweza kulisema kwa heshima zote, akiongozana na mjomba wake na mwenyekiti wa kitongoji, na kwa kufanya hivyo anampa mwenye duara nafasi ya kutenda haki bila kuburutwa popote. Nawaomba mashehe, mapadre na wachungaji wa Mbogwe, ambao hupokea sadaka na zaka zitokanazo na dhahabu hii, walifundishe jambo hili waziwazi, na wasingoje siku ya maziko. Nanyi wenye maduara mnaoanza kuchimba msimu huu, fungueni daftari, na juu ya mstari wa mafuta ya jenereta andikeni matibabu.