Moto Uliotoka Shambani Mwetu

Masomo: Kutoka 22:6, Luka 19:1–10



Kila kiangazi katika nchi yetu ya Ruvu, toka Kibaha mpaka Kisarawe, twauona moshi ukipanda juu ya mapori. Sababu zake twazijua sote. Mkulima huchoma majani aliyoyafyeka, apate kupanda kabla ya mvua za vuli. Mwindaji huwasha nyasi ili wanyama watoke. Mrina asali huacha kijinga chini ya mti, na mchoma makaa huliacha tanuru lake pasipo mlinzi. Wengi wao hawana nia ya kumharibia jirani. Lakini upepo hauulizi nia ya mtu.

Musa alipowapa Waisraeli sheria, alilitaja jambo hili hili: moto ulioshika miiba, ukatoka, ukateketeza nafaka ya mtu mwingine. Angalieni vema, ndugu. Sheria ile haiulizi kama mtu yule alikusudia mabaya. Yauliza neno moja tu: Ni nani aliyewasha? Naye huyo huambiwa arudishe kilichoharibika.

Twataka kuwasimulia habari yetu wenyewe, wala si kwa kujisifu, maana haina sifa. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Septemba, usharika wetu ulikuwa ukisafisha shamba lake, ili mavuno yasaidie kuezeka kanisa upya. Tulifyeka, tukakusanya chungu za majani, tukatia moto saa saba mchana, wakati jua ni kali na upepo wa baharini umekwisha kuanza kuvuma. Hatukulima njia ya moto kuzunguka shamba. Wala hatukuwaarifu majirani. Hata saa tisa moto ulikuwa umevuka kijito kilichokauka, na jioni ulikuwa umekula vibanda viwili vya makuti, mizinga ya nyuki, shamba la mihogo, na mikorosho ya bibi mmoja mjane, Mwislamu, jirani yetu wa miaka mingi. Kwa rehema ya Mungu hakufa mtu.

Watu walikuja mbio kutoka kila upande. Wengine waliupiga moto kwa matawi mabichi; wengine walitangulia mbele yake na majembe na mapanga, wakafyeka ukanda mpaka udongo mtupu, kwani moto usipopata cha kula hufa. Wanawake walipokezana ndoo toka kisimani. Hapakuwa na mtu aliyeuliza, Huyu ni wa msikiti au wa kanisa? Kesho yake vikaletwa vyakula, na makuti ya kuezekea. Mihogo ilikuwa imeungua juu tu. Chini ya ardhi ilikuwa mizima, ikachimbwa, ikaliwa. Lakini miti yake, ambayo ndiyo mbegu, ilikuwa majivu. Kama jirani asingalimkatia jirani yake miti ya mihogo, watu wangalikula siku zile na kukosa cha kupanda. Basi ikaletwa, matita kwa matita, hata kutoka vijiji vya mbali.

Nasi pia tulileta. Na hapa ndipo ilipo aibu yetu. Tulikusanya sadaka, tukampelekea bibi yule mahindi, tukampa pole, naye akatushukuru. Watu walipouliza moto ulitoka wapi, tulijibu, "Ni upepo." Upepo ulikuwapo kweli, lakini tulilitumia neno hilo kama kifuniko. Majuma matatu tulitoa kama sadaka kile kilichotupasa kulipa kama deni.

Jumapili ya nne, ibada ilipokwisha, mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema, "Tumemwambia Mungu kwamba tumekosa. Je, bibi tumemwambia?" Hakuna aliyejibu. Siku ile ile tukaenda, wazee wote pamoja na mchungaji.

Tulimkuta ameketi mkekani. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, wanangu, karibuni." Tukamweleza yote. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Moshi niliuona ulikotoka. Nilikuwa nahesabu siku tu. Mahindi yenu nimeyala, wanangu, lakini hayakunipa usingizi." Halafu akatuhesabia mikorosho yake, mmoja mmoja, kumi na minne, huu aliupanda marehemu mumewe, huu ulimsomesha mtoto wa kwanza. Tukasikiliza mpaka mwisho. Hakutuambia, Si neno. Wala haikutupasa kutazamia neno hilo.

Mbele ya wazee wa kijiji tulipatana hivi: usharika upande miche mipya, uipalilie, na kwa kuwa mkorosho hukaa miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa vema, sehemu ya mavuno ya shamba letu iwe yake mpaka hapo. Wenye vibanda, mizinga na mihogo walihesabiwa nao. Kwa hiyo kanisa letu lingali na paa lake la zamani. Wako washarika wanaonung'unika, wakisema, Mungu amekwisha kutusamehe, ya nini tena kulipa?

Ndugu, mtazameni Zakayo. Wokovu ulipoingia nyumbani mwake, hakujificha nyuma ya wokovu. Alisimama akawataja wale aliowadhulumu, akaahidi kuwarudishia. Na Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 atufundisha ya kuwa Amri ya Saba haitukatazi wizi tu, bali yatuagiza kumsaidia jirani aitunze mali yake na riziki yake. Miche kumi na minne hainunui msamaha wa Mungu. Huo Kristo ameununua kwa damu yake. Lakini aliyesamehewa haogopi tena kumtazama jirani yake usoni.

Wala si Ruvu tu. Mwezi wa Oktoba mwaka 2020 moto uliwaka juu ya mlima Kilimanjaro, ukaunguza karibu kilometa za mraba 95. Wakuu wa hifadhi walisema ya kwamba huenda ulianza kwa moto mdogo wa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Watu mamia, wanafunzi na wanakijiji, walipanda mlimani kuuzima. Moto mdogo wa chakula, na kazi ya mamia!

Basi tusifanye toba ya maneno matupu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yakataza kuwasha moto ovyo. Tuombe ruhusa kwa wakuu wa kijiji. Tuwaarifu majirani mapema. Tulime njia ya moto kwanza. Tuchome wakati upepo umetulia, watu na maji wakiwa tayari, wala tusiondoke mpaka majivu yamepoa.

Mninga ukiungua huchipuka tena shinani, nasi huuona tukadhani kila kitu hupona chenyewe. Lakini ile misitu ya kale ya Pugu na Kazimzumbwi haikuzoea moto. Ikiunguzwa mara kwa mara hugeuka kichaka, na miti mingi hairudi. Hivyo na ujirani. Uko ujirani unaochipuka wenyewe baada ya mvua, na uko usiorudi, ila aliyewasha aende akaseme, "Ni sisi."

Miche ya bibi imefika magotini. Miwili imekufa, nasi tumepanda mingine mahali pake. Juma lililopita alikuja mwenyewe na jembe lake, akapalilia pamoja nasi, akatuonyesha tulipokosea.

Mungu Baba yetu na atupe moyo wa kusema kweli, na mikono ya kurudisha. Amin.