Gorogoro Moja ya Unga

Mambo ya Walawi ni kitabu ambacho wengi wetu hukiruka. Kimejaa moshi, mafuta na damu. Lakini ndani yake kuna swali ambalo kila Jumapili linatuhusu: sadaka ya maskini ina uzito gani?

Sura ya 5 inapanga sadaka ya makosa fulani kwa ngazi. Mwenye uwezo alete kondoo au mbuzi. Asiyeweza, alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Akikosa hata hao, alete sehemu ya kumi ya efa ya unga. Hiyo ni kama lita 2 hivi. Ukiingia soko letu la Bokoli, kipimo cha karibu ni gorogoro moja.

Sasa geuza ukurasa. Katika sura ya 6, kuhani aliyetiwa mafuta naye anatakiwa kutoa unga wake, nusu asubuhi na nusu jioni. Kiasi gani? Sehemu ya kumi ya efa. Gorogoro ileile! Mkubwa wa madhabahu na yule asiye na hata njiwa wanapimiwa kwa mkebe mmoja.

Kuna jambo lingine, na hili Kiswahili kinatusaidia kulisikia. Sura ya 2 inapoanza kueleza sadaka ya unga, Kiebrania hakitumii neno la kawaida la mtu. Kinasema "nefesh", ndugu wa neno letu "nafsi". Rashi, mfafanuzi wa Kiyahudi aliyeishi Ufaransa karne ya 11, aliuliza kwa nini. Jibu lake: anayeleta unga kwa kawaida ni maskini, na Mungu anamhesabia kana kwamba ametoa nafsi yake.

Wahubiri wetu wangeishia hapo, kisha wapitishe kikapu mara ya pili. Na hapo ndipo mimi nakwama. Je, si rahisi sana kumsifu maskini ili aendelee kutoa?

Marabi wa kale wana hadithi inayonitoa kwenye mkwamo huo. Mwanamke alileta konzi ya unga, kuhani akaidharau: hiki ni kitu gani, nani atakula, nani atatoa sadaka? Usiku akaonywa ndotoni asimdharau, kwa maana mama huyo ni kama ametoa nafsi yake. Angalia nani anakemewa. Si mama. Hakuna anayemwambia aongeze. Anayerekebishwa ni mpokeaji.

Huku kwetu Bungoma, baada ya ibada huwa kuna mnada. Mama ameleta mayai, mwingine mkungu wa ndizi, mwingine jogoo. Mheshimiwa akiwepo, jogoo anapanda hadi elfu tano na makofi yanapigwa. Sina shida na mnada wenyewe. Kanisa halilipi fundi kwa ndizi, na hata makuhani wa kale walikula unga uliobaki. Shida yangu ni makofi. Aliyefuga jogoo miezi yote hiyo hatajwi. Aliyetoa kilichomzidi mfukoni anapewa maikrofoni.

Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa pesa ambazo Rais Ruto alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto: shilingi milioni 2.6. Wengine waliona ni siasa tu. Mimi naona ni swali la Walawi: mpokeaji ana wajibu wa kutazama mkono, si noti peke yake.

Ng'ambo ya Mlima Elgon, karibu na Mbale, wako Abayudaya, jamii ya Wayahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Hawachomi unga. Hekalu lilibomolewa mwaka 70, na tangu hapo sala ndiyo imeshika nafasi ya sadaka. Madhabahu iliisha, lakini ile sheria ya ngazi haijaniachia. Haikumwomba maskini ajikaze afikie kondoo. Ilishusha kipimo hadi mlangoni kwake, kisha ikamwambia kuhani: pokea, na uheshimu.

Kwa hiyo mchungaji akituhubiria kuhusu sadaka ndogo, tumsikilize. Halafu tumuulize, kwa adabu: wewe unaipokeaje?