Upande wa Ndani wa Tairi

Mjukuu wangu ana gari alilolishusha. Kwa msomaji wa rika langu, ambaye gari zuri kwake ni lile lililoinuka juu ya mawe na madimbwi, neno hilo lataka maelezo. Kijana hununua saluni ya Kijapani iliyokwisha kutumika, akaipeleka gereji. Fundi huzitoa springi, akakata mzunguko mmoja au mmoja na nusu kwa mashine ya kukatia vyuma, kisha akazirudisha mahali pake. Gari hulala chini kama paka anyemeleaye panya. Wenye uwezo hununua springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, pamoja na vifaa vya kuyarekebisha magurudumu. Mjukuu wangu hakuwa na uwezo huo.

Siku moja ya Desemba tulikuwa tunakwenda Morogoro arusini. Asubuhi, kabla hatujatoka Dar es Salaam, nililizunguka gari lile mikono nyuma, kama nilivyozoea kulizunguka paredi la wanafunzi, nikayatazama matairi yote manne. Mifereji ya mpira ilikuwa mirefu na safi. Nikasema, "Matairi yako bado mazuri." Mjukuu akacheka, akamwambia bibi yake, "Bibi, babu amepitisha. Panda twende."

Tulipopita Mlandizi gurudumu moja la nyuma likaanza kupungua upepo. Tukasimama kwa fundi wa matairi, kijana mwenye banda la mabati na pampu moja. Alilifungua gurudumu, akaligeuza, akanyamaza. Kisha akaniita: "Mzee, hebu njoo uone." Upande wa nje wa tairi ulikuwa kama nilivyouona asubuhi. Upande wa ndani, ule unaotazama chini ya gari, palikuwa na ukanda wenye upana wa vidole viwili usio na mpira kabisa. Nyuzi za waya zilikuwa zimetokeza, zinang'aa juani. Akafungua la pili la nyuma, hali ile ile. Ya mbele yalikuwa yanaelekea huko huko.

Ndani ya gari alikuwamo mke wangu, mjukuu wangu wa kike, na mwanawe wa miezi saba amelala mapajani. Tulikuwa tumetoka kwenda mwendo wa kilometa tisini kwa saa, malori yakitupita kwa upande wa pili. Nilikaa juu ya gogo la yule fundi kwa muda, wala sikusema kitu.

Mjukuu wangu alisema, "Babu, kweli mimi sikujua." Nilimwamini. Nami pia sikujua, na ndiye niliyekuwa nimepitisha. Hakuna kati yetu aliyesema uongo. Hata hivyo kama tairi lile lingepasuka, na kitoto kile kingerushwa kioo cha mbele, neno hilo la "sikujua" lingekuwa na uzito gani? Swali hilo limenikaa tangu siku ile, na ndilo nitakalo kulizungumza hapa.

Kwanza niseme yaliyolipata tairi, maana nilifundisha hesabu kwa miaka mingi, na siwezi kuliacha jambo kabla sijalipima. Gari likishuka, magurudumu hayashuki wima. Vyuma vinavyoyashika vina viungo, na kila kiungo huzunguka kidogo. Hivyo vichwa vya magurudumu huvutwa ndani na nyayo zikabaki nje, mfano wa mtu aliyesimama ametanua miguu. Ukilitazama gari kwa nyuma utaona ulalo huo, na watu wengi husema huo ndio unaokula tairi. Wana sehemu ya ukweli. Lakini fundi wa kupimisha magurudumu, tuliyemwendea baadaye, alinionyesha kwamba mlaji mkubwa ni mwingine. Fimbo zinazoshika mwelekeo wa gurudumu nazo hubadili pembe, na gurudumu likaacha kutazama mbele sawasawa. Linakwenda kama mtu atembeaye vidole vikitazama pembeni.

Nilipofika nyumbani nilichukua karatasi. Gurudumu likiwa limepotoka kwa nusu digrii tu, ambayo jicho la mtu halitaiona, basi katika kila kilometa moja tairi hulazimishwa kuburuzwa ubavuni kiasi cha mita tisa hivi. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni kilometa mia moja tisini na kitu. Kumbe tairi lile, pamoja na kubingirika njia nzima, lingesuguliwa ubavuni zaidi ya kilometa moja na nusu, na mzigo wote ukiegemea ule ukanda wa ndani. Sehemu ya tairi inayogusa barabara ni kama kiganja cha mkono. Hebu fikiri kukiburuza kiganja chako hivyo.

Nilimwuliza fundi kwa nini dereva hahisi kitu. Jibu lake lilinishangaza. Gurudumu la kushoto huvuta kushoto, la kulia huvuta kulia, kwa nguvu zilizo sawa. Nguvu hizo zikauana, na gari likaenda moja kwa moja kama mshale. Laiti lingekuwa gurudumu moja tu limepotoka, usukani ungevuta na mwenye gari angekuja gereji mapema. Yakipotoka yote mawili sawasawa, usukani hutulia kabisa. Nimekaa katika shule zilizotulia namna hiyo.

Sasa swali. Je, asiyejua ana hatia? Wengi wetu hujibu upesi kwamba hana, na ndivyo tunavyowafunza watoto: aliyekosa kwa kutojua asamehewe. Aristotle, aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, hakukubali upesi hivyo. Aliandika kwamba watunga sheria humwadhibu mtu hata kwa kule kutojua kwenyewe, iwapo yeye ndiye chanzo chake, na mfano wake ni mlevi: ni kweli hakujua alitendalo, lakini alikuwa na uwezo wa kutolewa. Mfano huo hautoshi kwa kisa changu. Mimi nilikuwa sijalewa. Nilitazama, tena nilitazama kwa nia njema, ila nilitazama nikiwa nimesimama. Upande wa ndani wa tairi hauonekani na mtu aliyesimama. Lazima uiname, na ikiwezekana upige magoti, uchafue suruali.

Hata sheria huona shida hiyo. Katika Uingereza, gari dogo hutakiwa tairi lake liwe na kina cha mfereji kisichopungua milimeta 1.6, lakini kina hicho hupimwa katika robo tatu za katikati ya upana wa mpira. Kingo mbili hazimo katika kipimo hicho, ingawa waya zikitokeza popote ni kosa. Maana yake ni kwamba ukingo unaweza kulika ukawa kipara, na mkaguzi mwenye kipimo chake mkononi akapitisha kwa haki.

Sisemi haya kuwalaumu vijana wanaoshusha magari. Niliwahi kufanya hivyo, kwa maneno makali, hadi niliposoma kwamba mtindo huo una historia yenye heshima yake: Wamarekani wenye asili ya Mexico, katika mji wa Los Angeles, walishusha magari yao na kuyaendesha polepole ili mtaa uyaone, na jimbo la California likatunga sheria mwaka 1958 ya kuzuia gari lisilale chini ya ukingo wa rimu. Wakabuni mitambo ya mafuta ya kuliinua gari na kulishusha kwa swichi. Vizuizi hivyo vya jimbo na vya miji yake havikwisha kuondolewa mpaka mwaka 2024. Mtu anayo haki ya kukipamba kitu chake. Kosa si kushusha.

Wala mtu hawezi kupiga magoti mbele ya kila tairi duniani. Nikipanda basi sitaingia uvunguni kwanza. Tungeishi vipi? Kwa hiyo lazima pawe na mpaka, na mpaka nionao mimi ni huu: aliyekibadili kitu ndiye mwenye wajibu wa kufuata mzigo ulikohamia. Springi ilikuwa imebeba jambo fulani kwa miaka, umeikata, ule mzigo haukukatwa pamoja nayo. Umekwenda mahali. Aliyekata asipokwenda kuutafuta, kutojua kwake ni kwake mwenyewe. Na wa pili ni yule anayetoa neno lake ili wengine wapande. Mjukuu wangu ni wa kwanza, mimi ni wa pili.

Lakini nisijifiche katika nafasi ya pili, maana nimewahi kushika na ya kwanza.

Katika miaka ya 1990 nilikuwa mkuu wa shule ya bweni, na bweni la wasichana lilikuwa na matroni na msaidizi wake. Msaidizi alilipwa kwa michango ya wazazi. Alipoondoka kwenda kuolewa, sikuajiri mwingine. Niliona fedha zile ziende kwenye rangi na vioo vya madirisha, kwani madarasa yalikuwa yanatia aibu. Kamati ilikubali. Katika mwaka mmoja shule ikapendeza. Wageni walisifu, wazazi walisifu, mkaguzi aliandika maneno mazuri ambayo niliyahifadhi kwenye faili. Kila asubuhi nilipita mbele ya bweni mikono nyuma, nikaona ua umefagiwa na wasichana wamepanga mstari. Matroni aliniamkia, akasema, "Hatujambo, Mkuu." Shule ilikwenda moja kwa moja kama mshale.

Miaka miwili baadaye, alfajiri moja, aliangukia ngazi za bweni. Hospitali walisema ni shinikizo la damu, la muda mrefu. Hakurudi kazini tena. Nilipokwenda kumtazama nilibeba machungwa, na nikasema yale tunayoyasema: "Pole sana, Mama. Mimi sikujua." Alikuwa mwanamke mpole, hakuwahi kuninyanyulia sauti. Aliniuliza tu, "Ulikuwa wapi, Mkuu, usijue?" Kisha akanihesabia. Malaria ya masika, wasichana sita kwa usiku mmoja, yeye peke yake na taa ya chemli. Funguo za stoo alfajiri. Msichana aliyetaka kujidhuru, ambaye alikaa naye macho siku tatu asimwambie mtu kwa kumlindia jina. Nyumba yake ilikuwa hatua mia moja kutoka mlango wa ofisi yangu. Sikuwahi kuingia bwenini usiku, kwa sababu ya adabu, nilijiambia, na kweli adabu ilikuwamo. Lakini ningeweza kumwuliza. Tena si pale uani mbele ya wasichana, ambapo jibu ni moja tu, bali kwa kukaa naye chini.

Waswahili wana methali ya kitanda: usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa miaka mingi niliisoma kama udhuru. Sikukilalia, basi nitajuaje? Siku hizi naisoma kwa namna nyingine, hasa ikiwa godoro la kitanda hicho nililiondoa mimi.

Wapo watakaoniambia kwamba matroni alipaswa kusema. Nimelipima hilo pia, na sitaki kulitupa, kwa kuwa mtu mzima ana ulimi. Ila nakumbuka mwalimu mmoja aliyelalamika juu ya ratiba mwaka ule ule, na jinsi nilivyomjibu mbele ya wenzake. Matroni alikuwapo.

Mjukuu wangu alitaka kuirudisha springi ya zamani, lakini iliyokatwa haiungwi. Alinunua nne za mtumba, gari likapanda kidogo, si kama lilivyotoka kiwandani, akapimisha magurudumu, akanunua matairi mawili mapya na mawili ya mtumba. Fedha za mawili mapya nilitoa mimi. Alikataa mara mbili kabla ya kupokea.

Yule fundi wa kupimisha alinifundisha namna ya kulijua tairi mapema, kabla jicho halijaona kitu. Unapitisha kiganja juu ya mpira kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Likiwa zima, pande zote mbili ni sawa. Likiwa linaburuzwa, upande mmoja utateleza kama kitambaa na ukirudi utakwaruza kama msumeno. Sasa mjukuu akija Jumapili, nachukua kipande cha gunia, nakitandika chini, napiga magoti kwa shida kidogo kwa sababu ya goti la kulia. Hucheka, lakini hunishikia tochi.

Matroni yuko hai, anaishi kwa mwanawe huko Korogwe. Nimempigia simu mara moja tangu Desemba. Tulizungumza juu ya mvua na wajukuu, na sikupata pa kuanzia. Nimemwambia nitakuja.