Msitu Bila Daftari

Nataka kusimulia kisa cha msitu ulioishiwa wanyama. Msitu wenyewe ulikuwa ndani ya kompyuta, lakini walioumaliza walikuwa watu halisi wenye akili timamu, watu kama mimi na wewe. Ndiyo maana ninaona kisa hiki kinatuhusu, hasa sisi tunaopenda michezo ya mtandaoni ya kujenga, kuwinda na kufanya biashara.

Mwaka 1997, kampuni ya Origin Systems ya mjini Austin, Texas, nchini Marekani, ilifungua mchezo uitwao Ultima Online. Waliousuka, wakiwemo Richard Garriott na Raph Koster, walikuwa na nia kubwa. Walitaka mapori yenye uhai wa kweli. Sungura na kondoo wale majani, mbwa mwitu wale sungura na kondoo. Joka likikosa kulungu mwituni, lishuke vijijini kutafuta chakula, na mchezaji mwerevu ajiulize kwa nini limeshuka.

Tena kila kitu kilikuwa na hesabu yake. Nyama, ngozi, sufu na chuma vilitoka katika akiba moja yenye kikomo. Kitu kikitumika hadi kikaisha, kilirudi katika akiba hiyo, kisha kikazaliwa upya kama mnyama au madini. Kwenye karatasi, mpango huu haukuwa na kasoro.

Kisha wachezaji wakaingia. Garriott mwenyewe amesimulia mara nyingi yaliyofuata. Watu waliua kila kilichotembea, kwa kasi iliyoshinda uwezo wa kompyuta kuzalisha wanyama wengine. Mbwa mwitu hakupata nafasi ya kumkimbiza sungura, kwa kuwa wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Mnyororo ule wa chakula, uliosukwa kwa kazi ngumu, haukuonekana na mtu. Ulikuwa pia mzigo mzito kwa kompyuta zenyewe, na mwishowe ukaondolewa.

Ndugu msomaji, tusipite haraka hapa. Dalili zilikuwepo, na inafaa tuzitazame moja baada ya nyingine.

Dalili ya kwanza ilikuwa wingi wa watu. Ndani ya mwaka mmoja, wanaolipia mchezo huo walizidi 100,000. Pori linaloweza kuwahimili wawindaji wachache haliwezi kuhimili umati, hata kama kila mmoja wao anachukua kidogo.

Dalili ya pili ilikuwa zawadi. Katika mchezo ule, ujuzi ulipanda kwa kutenda: kadiri ulivyopiga ndivyo mkono wako ulivyozidi kuwa hodari. Hivyo hata mtu asiyehitaji nyama wala ngozi alikuwa na sababu ya kuua. Kumwacha mnyama aishi hakukumpa mtu chochote. Mahali ambapo kuchukua kunalipwa na kuacha hakulipwi, wengi wetu tutachukua.

Dalili ya tatu, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote, ilikuwa ghalani. Wachezaji walijaza masanduku na nyumba zao kwa vitu wasivyovitumia. Mshonaji alitengeneza mashati kwa mamia ili apandishe ujuzi tu, halafu akayarundika. Zachary Booth Simpson, aliyeuchambua uchumi wa mchezo huo mwaka 1999, alieleza jinsi ulimbikizaji na uzalishaji wa kupita kiasi ulivyouvuruga. Sufu iliyofungiwa ndani ya shati sandukuni haikurudi katika akiba, na isiporudi, kondoo mpya hazaliwi. Mwenye sanduku aliiona mali yake ikiongezeka. Hakuona kwamba sanduku lilikuwa limebeba kondoo wa kesho.

Waendeshaji walilazimika kuiacha akiba yenye kikomo. Bidhaa na dhahabu zikaanza kumiminika bila kungoja kilichotumika kirudi. Wanyama wakapatikana, lakini dhahabu ilipozidi, thamani yake ikashuka na bei zikapanda. Kosa la msituni likawafuata watu hadi sokoni.

Hakuna aliyekusudia kuumaliza msitu. Kila mmoja aliona mnyama mmoja tu mbele yake, na mnyama mmoja ni kitu kidogo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msitu ule ulikuwa na daftari ndani ya kompyuta, lakini aliyeshika upinde hakuonyeshwa hata ukurasa mmoja.

Kwa hiyo, wewe unayeongoza kikundi katika mchezo wa namna hii, kabla ya kutuma wawindaji ujue eneo lenu huzalisha wanyama wangapi na kwa muda gani. Wekeni kiwango kilicho chini ya hapo, kwa kuwa siku ya wageni wengi haikosi kuja. Pangeni zamu, na maeneo mengine yaachwe yapumzike. Hesabu ibandikwe mahali ambapo hata mgeni wa leo ataiona. Anayelinda eneo apewe heshima ileile anayopewa anayeleta mawindo. Na ghala likijaa, uwindaji usimame.

Tusijidanganye kwamba sisi tungefanya vizuri zaidi. Tukiwekwa katika msitu ule, na mkono unazidi kuwa hodari kwa kila windo, wengi wetu tungeendelea kupiga. Kinachotuokoa ni kanuni tuliyokubaliana mapema, wakati wanyama bado wako tele na kila mtu anaona hakuna haja ya kanuni. Huo ndio wakati wa kuiweka.