Je, Raia wa Mbinguni Analipa Ushuru?



Kijana mmoja wa kwetu, anayenunua chisense Mununga na kuwauza katika masoko ya ziwani, aliniletea karatasi aliyotumiwa na jamaa yake aliye Marekani. Ilisema kwamba jina lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye hati za serikali si mtu mwenyewe, kwa hiyo mtu huyo hadaiwi kodi. “Baba Mchungaji, nikimwonyesha mtoza ushuru, ataniacha?” Nilicheka, kisha nikaona si jambo la kucheka. Mafundisho ya namna hiyo yanazunguka Marekani tangu miaka ya 1970. Mahakama za huko zimeyakataa, na wengine walioyafuata walifungwa.

Hapa Zambia jambo la jinsi hii lilimwaga damu. Alice Lenshina wa Chinsali alianzisha kanisa la Lumpa miaka ya 1950. Wafuasi wake wakafika mahali pa kuukataa utawala wa dunia: hawalipi kodi, wanajenga vijiji vyao peke yao. Siwahukumu haraka, maana wao pia walichomewa nyumba na makanisa na vijana wa chama. Mwaka 1964 askari walitumwa, na watu wapatao 700 au zaidi wakafa. Maelfu walikimbilia Katanga. Yaani walikuwa wakimbizi kwetu, kabla sisi hatujawa wakimbizi kwao!

Hasira ya kijana ninaielewa. Tulipokuwa tunakimbia, tulilipa kwenye kila kizuizi cha barabara bila risiti, na mke wangu akatoa kitenge chake cha mwisho. Mtu aliyenyang'anywa hivyo huona kila anayedai pesa kuwa mnyang'anyi.

Lakini someni Mathayo 17. Petro aliulizwa habari ya kodi ya hekalu. Yesu alimwonyesha kwanza kwamba wana wa mfalme hawadaiwi. Hoja ilikuwa ya kweli kabisa! Kisha akamtuma ziwani kuvua samaki, na sarafu ikapatikana, wakalipa wote wawili, ili wasiwakwaze watu. Yohana Mbatizaji naye, katika Luka 3, hakuwaambia watoza ushuru waache kazi. Aliwakataza kutoza zaidi ya kilichoamriwa.

Na hapo ndipo tunapo haki ya kusema. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 2, unatudai tutii sheria za nchi iliyotupokea. Kifungu cha 29 unakataza mkimbizi kutozwa zaidi ya mwenyeji aliye katika hali kama yake. Hakisemi asilipe.

Nikamwambia kijana: lipa, omba risiti, kisha muulize jirani yako Mzambia analipa ngapi. Alifanya hivyo. Jirani alikuwa amelipa nusu yake. Jumatatu tunakwenda pamoja ofisini, na risiti mbili mkononi. Ile karatasi ya Marekani tumeiacha nyumbani.