Je, Ratiba ya Basi ni Ahadi?

Watu wa Kwa Mathias, hapo Kibaha kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, walizoea kuhesabu saa kwa magari yapitayo. Tangu miaka ya 1990 Serikali ilikataza mabasi ya abiria kusafiri usiku, kwa ajili ya ajali na ujambazi; kwa hiyo mabasi ya safari ndefu yaliondoka Ubungo alfajiri yakifuatana, nayo yakapita Kibaha asubuhi na mapema. Mama mwenye binti Morogoro aliamka, akafunga mzigo wake, akasimama barabarani, akijua ya kuwa hatarudi nao nyumbani.

Desturi hiyo imepita. Mwaka 2021 kituo kikuu kilihama Ubungo kikawa Mbezi Luis. Tarehe 1 Oktoba 2023 ruhusa ya kusafiri usiku ilianza kutumika, na safari zikagawanyika, nyingine mchana, nyingine usiku. Mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kwenda Morogoro mwezi wa Juni, na Dodoma mwezi wa Julai, na abiria wengi wakaingia humo. Treni hiyo haisimami Kwa Mathias. Kituo kilicho upande wa Kibaha ni Soga.

Je, mama yule amedhulumiwa?

Wako wasemao la, maana ratiba ni tangazo la biashara tu, wala muuza samaki hajifungi kuuza samaki milele. Hoja hii si ya kudharauliwa. Mwenye basi hawezi kupeleka viti vitupu hata Morogoro kwa heshima ya desturi. Mafuta hayanunuliwi kwa heshima. Tena katazo lile lilikuwa na taabu yake, maana msafiri wa mbali alilazimika kulala njiani na watoto wake. Hatuwezi kumtaka ateseke ili sisi tusisumbuliwe mazoea yetu.

Hata hivyo ahadi haifanywi kwa kinywa tu. Sisi tulio waalimu twalijua jambo hili: mwalimu akifungua mlango saa ile ile kila siku, watoto hutoka makwao kabla ya kengele, ijapokuwa hakuwaapia neno. Apitaye kila asubuhi na kupokea nauli ya mtu amemfundisha kupanga maisha yake kwa kumtegemea. Amekwisha kumwahidi, apende asipende.

Basi anamwia nini? Hamwii kutobadilika. Twadhani anamwia habari, tena mapema. Tukumbuke mfano wa baba na wana wawili katika Injili ya Mathayo, sura ya 21. Mmoja alikataa kwenda shambani, kisha akajuta akaenda. Wa pili alikubali, asiende. Yule wa kwanza, hata kama asingejuta, angemwachia baba yake nafasi ya kutafuta mfanya kazi mwingine. Wa pili alimnyang'anya na nafasi hiyo. Basi lililokoma kupita bila tangazo linafanana na huyo wa pili: shamba halikulimwa, na mwenye shamba angali akitazama njia.

Itasemwa ya kuwa habari zipo, na ya kuwa LATRA ndiyo isimamiayo leseni na ratiba. Ni kweli. Lakini karatasi ya ofisini haitembei hata kando ya barabara, na habari za simu humfikia mwenye simu ya namna hiyo. Mwenye haja kubwa kuliko wote ndiye asikiaye mwisho.

Wala tusimshitaki mwenye basi peke yake. Ni nani aliyeviacha viti vile vitupu? Ni sisi tulioona treni ni ya haraka, tukaipanda. Hatukutenda dhambi kwa kuipanda, lakini ratiba ya Kwa Mathias tuliibadili sisi pia, kila mtu kwa tiketi yake, na hapana aliyeona ni juu yake kumwambia jirani. Huenda alfajiri moja tutakuwa njiani kwenda Soga, tumwone mama yule amesimama na mzigo wake, akingojea gari ambalo sisi twajua halipiti tena saa hiyo. Je, tutasimama kumwambia, au tutasema kwamba hiyo ni kazi ya kampuni?